Anzia kwenye ampu: namna ninavyopanga gitaa la fazi ndani ya bendi ya watu watatu

Kila nikimaliza kupiga, kuna mtu atasogea mbele ya jukwaa, ataiinamia sakafu na kuuliza: "Kaka, hiyo pedali inaitwaje?" Namtajia jina, kisha namwomba asubiri kidogo, maana pedali si mahali pa kuanzia. Sauti ya gitaa la roki, hasa hii yenye fazi nzito, yaani mkwaruzo mkali wa pedali, kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, na wimbo mtamu ndani yake, hujengwa kutoka mwisho wa waya kurudi nyuma. Unaanza na spika, unakuja kwenye ampu (kikuza sauti), unafuata pedali, gitaa linakuwa la mwisho. Mimi niliifanya kinyume kwa miaka miwili na nikapoteza pesa nyingi, ndiyo maana leo nakaa chini kuyaandika haya kwa urefu.

Tuko watatu kwenye bendi, hapa Dar es Salaam: mimi na gitaa, mpiga besi, na mpiga dramu ambaye ana mkono mzito. Tunafanyia mazoezi chumba kimoja Tabata, magodoro ya zamani yamepigiliwa ukutani. Nimelelewa na muziki wa dansi. Baba yangu mdogo alikuwa akipiga gitaa la rhythm, na kwake yeye gitaa zuri ni lile ambalo kila noti inasikika peke yake, safi kama maji ya mtungini. Sijaacha kuipenda sauti hiyo. Lakini nilipomsikia J Mascis wa Dinosaur Jr., nilisikia kitu ambacho sikujua kama gitaa linaweza: mkwaruzo mzito kama lori linapanda mlima, na juu yake solo inayolia kama mtu.

Mascis ni mtu wa Amherst, mji mdogo wa Massachusetts, Marekani. Bendi yake ilianza mwaka 1984, naye, Lou Barlow kwenye besi na Murph kwenye dramu. Kabla ya hapo Mascis alikuwa mpiga dramu. Hilo ndilo lililonifungua akili. Mtu aliyezoea kukaa nyuma ya dramu amezoea kitu kinachosukuma hewa: ukipiga teke besi dramu, kifua kinajibu. Akishika gitaa, anataka kifua kijibu vilevile. Ndiyo sababu jukwaani husimama mbele ya makabati ya Marshall yaliyopandana, na ndiyo sababu sauti yake huipati kwa kununua pedali moja na kuichomeka kwenye spika ya redio.

Huhitaji makabati sita. Unahitaji ampu moja iliyowekwa vizuri.

Umeme kwanza

Ampu yangu ni Fender Hot Rod Deluxe, ya taa (zile taa za kioo zinazokuza sauti, kama za redio za zamani), wati 40, spika moja ya inchi 12. Nilitumiwa na ndugu aliyekuwa Marekani. Siku ilipofika nilikuwa na haraka kama mtoto wa sikukuu. Nikatafuta kile kichwa cha kubadilishia plagi, nikachomeka, nikawasha. Ilitoa mlio mfupi, "tk", halafu harufu ya plastiki iliyoungua. Nyuma yake, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa volti 120. Soketi yetu hapa Tanzania ni volti 230. Kile kichwa hubadilisha umbo la pini tu, volti zinapita vilevile zilivyo. Bahati njema fyuzi ilikatika kabla transfoma haijaungua, na fundi mmoja wa Kariakoo akanirudishia ampu yangu ikiwa nzima baada ya siku nne ambazo sikulala vizuri.

Kwa hiyo kabla ya lolote, geuza ampu, soma mgongo wake. Kama ni ya volti 120, tafuta transfoma ya kushushia umeme, na usiipime kwa wati za sauti. Wati 40 ni zile zinazotoka kwenye spika. Kwenye soketi ampu ya taa ya namna hiyo hula zaidi ya wati 100. Mgongoni huwa pameandikwa inakula kiasi gani. Chukua transfoma yenye uwezo mara mbili ya namba hiyo au zaidi, maana itakuwa inafanya kazi kwenye joto letu. Yangu ni ya VA 500 (kipimo cha uwezo wa transfoma, karibu sawa na wati) na baada ya saa mbili ni ya vuguvugu tu ukiigusa.

Halafu ethi. Transfoma nyingi za bei nafuu hazipitishi waya wa ethi, na kwenye kumbi nyingi soketi yenyewe haina ethi ya kweli. Dalili yake utaijua: vidole viko kwenye nyuzi, unasogeza mdomo kwenye maiki kuimba, na midomo inapigwa shoti. Usicheke na hiyo. Zima, mwite fundi umeme wa ukumbi, na kama hapatikani, piga bila kuimba au usipige kabisa. Na ampu ya taa usiifungue mwenyewe hata ukiwa umechomoa waya. Ndani kuna kapasita, vihifadhi umeme, zinazobaki na volti mia nne na zaidi baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuziondoa umeme kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, zima swichi ya ampu palepale. Ukirudi, huwa unarudi kwa kishindo.

Kuzisoma nobu

Nobu, kile kitufe cha kuzungusha, ya ampu au pedali isome kama uso wa saa. Ikiwa imefungwa kabisa, mshale wake uko pale saa moja ilipo. Ikiwa imefunguliwa yote, uko saa kumi na moja. Ikitazama juu ni saa sita kamili. Yaani ni siku ya kazi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mambo mengi mazuri hutokea kati ya saa nne na saa nane.

Sasa nikwambie lililonitokea kwenye onyesho letu la kwanza, maana ndilo somo lote. Nyumbani nilikuwa nimejipangia sauti nzuri ajabu: besi (sauti nzito) juu, trebo (sauti kali) juu, sauti za kati nimezishusha hadi saa mbili. Peke yangu chumbani ilikuwa kama filamu. Rafiki yangu alisimama mlangoni pa ukumbi akarekodi kwa simu. Kesho yake nikasikiliza. Kwenye beti, ambapo napiga bila fazi, gitaa lipo. Inakuja korasi, nakanyaga pedali, na badala ya gitaa kulipuka, linapotea! Unaona kabisa mkono wangu unapanda na kushuka, lakini unachosikia ni besi, matoazi na sauti yangu ikiimba, na nyuma yake kitu kama mvua ya mbali.

Nilikaa na rekodi ile wiki nzima. Jibu ni hili. Chini pana mwenyewe, mpiga besi. Juu pana mwenyewe, matoazi. Gitaa linaishi katikati, na katikati ndipo nilipokuwa nimechimba shimo kwa mkono wangu. Tena nilikuwa nimechimba mara tatu, kwa sababu ampu za Fender za aina hii kwa maumbile yake zina sauti ya kati iliyobonyea, na pedali ya Big Muff nayo imebonyea palepale. Ukijumlisha na nobu niliyoishusha mwenyewe, hakukuwa na gitaa.

Tangu siku hiyo ampu yangu huiweka hivi: besi saa tatu, kati saa tisa, trebo saa tano. Chumbani peke yako utaona ni sauti ya puani kidogo, haipendezi. Vumilia. Subiri dramu ziingie. Na usipange sauti ya bendi ukiwa peke yako. Ipange siku ya mazoezi, mpiga dramu akipiga kwa nguvu zake zote, na mtu mmoja asiye wa bendi amesimama mlangoni akikuonyesha kwa mkono: panda, shuka.

Kuhusu ukubwa wa ampu, usidanganyike na wati. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio linaigundua lakini haliishangai. Ampu ya taa ya wati 15 inatosha mazoezi na kumbi ndogo ukiweka maiki mbele ya spika. Kama uliyonayo ni ya transista, isiyo na taa, ile ambayo kanisani kwenu ipo tayari, itumie. Iweke safi kabisa, usiguse mkwaruzo wake wa ndani, uiachie pedali kazi hiyo. Roland JC-120 ni ya transista tangu mwaka 1975 na hakuna anayeidharau.

Inyanyue kutoka sakafuni. Mimi huiweka juu ya kreti la soda, nalifunika kwa kipande cha zulia lisitetemeke, na naiegemeza kidogo nyuma ili spika inielekee usoni. Ampu iliyo sakafuni inapigia vifundo vya miguu yako, nawe unazidi kuongeza sauti huku watu wa mstari wa mbele wanaumia masikio.

Fazi yenyewe

Sasa tunaweza kuinama. Big Muff Pi ilitengenezwa na Electro-Harmonix ya New York, kampuni ya Mike Matthews, mwaka 1969. Ndani yake kuna transista nne zilizopangwa kwa ngazi; mbili za katikati zina diodi zinazokata kilele cha wimbi la sauti. Wimbi linakatwa mara ya kwanza, linakuzwa, linakatwa tena. Ndiyo maana noti ya Big Muff inakaa muda mrefu bila kufifia: kila kilele kimesawazishwa na kingine, noti iliyokuwa inakufa inabebwa juu. Toleo ambalo Mascis anahusishwa nalo zaidi ni lile la miaka ya 1970 linaloitwa Ram's Head, kichwa cha kondoo dume, kwa sababu ya kichoro cha kichwa kilicho kwenye kona ya boksi. Mwaka 2019 kampuni ilitoa tena toleo hilo kwenye boksi dogo, na hilo ndilo ninalokanyaga mimi. Kuna nakala nyingi za bei ya chini na baadhi ni nzuri sana; saketi hii si siri, mafundi wengi duniani wanaijua kwa moyo.

Nobu ni tatu. Ile iliyoandikwa Sustain, yaani kiasi cha mkwaruzo, kila kijana huifungua yote. Usifanye hivyo. Kuanzia saa nane kwenda mbele huongezi ukubwa wa sauti wala utamu, unaongeza mvumo na kelele, na akordi zinageuka uji. Mimi naiweka saa tano. Tone, ya rangi ya sauti, naiweka saa saba, juu kidogo ya nusu, ili ipenye. Volume ndiyo ya kuangalia kwa makini: piga akordi moja bila pedali, ikumbuke, kanyaga, piga tena. Yenye fazi iwe kubwa kidogo kuliko isiyo na fazi. Sikio hudanganywa na mkwaruzo, linadhani sauti imekua kumbe imebanwa tu.

Kisha jambo ambalo lilinirudishia korasi zangu. Baada ya Big Muff naweka pedali ya pili, ya mkwaruzo laini, ya ukoo wa zile za kijani za Ibanez, Tube Screamer. Pedali hizo zina nundu palepale kwenye sauti za kati ambapo Big Muff ina shimo. Drive, ya mkwaruzo, naifunga karibu yote, saa mbili hivi, Level, ya ukubwa wa sauti, naipandisha saa nane. Haifanyi kazi ya kukwaruza. Inafanya kazi ya kufukia shimo. Nikifika kwenye solo nazikanyaga zote mbili kwa pamoja, na gitaa linatoka mbele ya bendi kama mtu aliyepiga hatua moja kutoka kwenye mstari. Jaribu pia kuibadili, ya kijani kabla ya Big Muff. Utapata kitu kinene na kinachobana zaidi. Mimi nimechagua baada.

Mengine kwenye ubao wangu ni machache: kipimia nyuzi mwanzoni kabisa, flenja (pedali ya kuzungusha sauti) kwa ajili ya nyimbo mbili, na dilei (pedali ya mwangwi) mwishoni. Mascis naye hutumia flenja ya Electro-Harmonix iitwayo Electric Mistress, na ukiiwasha nyuma ya fazi, mkwaruzo wote unaanza kuzunguka kama feni. Dilei ikae baada ya fazi. Ukiitanguliza, kila mwangwi utakwaruzwa upya na hutajua noti ipi ni ipi. Rivabu, mvumo kama wa ukumbi mkubwa, natumia ile ya ndani ya ampu, kidogo.

Kama fazi yako si Big Muff bali ni ya aina ya zamani zaidi, yenye transista mbili kama Fuzz Face, basi iwe ya kwanza kabisa baada ya gitaa, hata kipimia nyuzi kisiitangulie. Hizo zinataka kulishika gitaa moja kwa moja; ukiweka kitu katikati zinakuwa kavu na kali.

Adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9 na pini ya katikati iwe hasi. Adapta ya ruta ya intaneti iliyolala kabatini kwako kwa kawaida ina katikati chanya. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, na pedali inaweza kufa palepale. Tazama kile kichoro kidogo cha duara na nukta kilichochapwa mgongoni mwa adapta: alama ya kutoa lazima ielekee nukta ya katikati. Angalia na miliampia. Fazi inakula chache mno, lakini dilei ya dijiti inaweza kudai 50, 65 au zaidi. Jumlisha zote, na adapta iwe na ziada. Ukilisha fazi na dilei ya dijiti kutoka waya mmoja utasikia mluzi mwembamba hata kabla hujagusa nyuzi. Dawa yake rahisi ni kuipa fazi betri yake. Betri ya volti 9 kwenye Big Muff hukaa muda mrefu, mradi ukimaliza kupiga uchomoe waya upande wa kuingilia, maana jeki ile ndiyo swichi yake. Ukiuacha ndani, betri inaliwa usiku kucha.

Gitaa

Fender walitoa Jazzmaster mwaka 1958 wakiwalenga wapigaji wa jazi. Hao hawakulichangamkia; walilipenda vijana wa California waliokuwa wakipiga muziki wa mawimbi. Mwaka 1980 likaacha kutengenezwa. Likawa gitaa linaloning'inia kwenye maduka ya mitumba bila mtu kulitaka, bei yake chini ya ndugu zake, na ndiyo maana vijana wasio na pesa wa bendi ndogo za Marekani wa miaka ile walilikumbatia. Mascis akawa mmoja wao, na baadaye Fender wakalitoa gitaa kwa jina lake: la zambarau linalometameta mwaka 2007, na la bei nafuu chini ya jina la Squier mwaka 2011, jeupe la maziwa na bamba la rangi ya dhahabu. Langu ni hilo la Squier. Lilisafiri kwenye begi la nguo la mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, limezungushiwa mataulo.

Ukipata Jazzmaster la kawaida utakutana na ugomvi mmoja: ukikung'uta kwa nguvu, nyuzi zinaruka kutoka kwenye vijitako vya daraja, vile vyuma vidogo vinavyozishikilia upande wa mkono wa kupigia. Gitaa hili lilibuniwa wakati watu walitumia nyuzi nene, na pembe ya nyuzi kutoka darajani kushuka nyuma ni ndogo mno. Nyuzi nyembamba za 9 (unene wa uzi wa kwanza, kwa elfu za inchi) hazina uzito wa kukaa mahali pake. Weka seti ya 11, hiyo pekee inaponya nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki inaponywa na kadi.

Fanya hivi. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za shingo, inyanyue. Kwenye kile kishimo inamokaa, upande ulio karibu na pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi), weka kipande cha kadi ngumu cha upana wa vidole viwili, unene wa nusu milimita hivi. Rudisha shingo, kaza. Sasa shingo imeinama nyuma kidogo, nyuzi zimekaribia mno freti, vile vyuma vya shingoni, na ili gitaa lipigike inabidi upandishe daraja. Daraja likipanda, nyuzi zinashuka kwa mteremko mkali zaidi nyuma yake na zinakaa kimya. Kazi ya robo saa. Squier yangu ilikuja na daraja la aina nyingine, lisiloyumba, kwa hiyo sikuhitaji kadi. Nimewafanyia marafiki wawili.

Baadaye pima urefu wa kila uzi. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha bonyeza freti hiyohiyo. Kama ya kubonyeza iko juu, rudisha kijitako nyuma. Kama iko chini, kisogeze mbele. Fazi hukuza kila kosa. Akordi ambayo haijakaa sawa kidogo tu, bila fazi utaivumilia. Ukiwasha Big Muff inaanza kutikisika kama meza yenye mguu mfupi.

Pikapu za gitaa hili zina koili moja moja, kwa hiyo zinavuma na umeme wa hertzi 50 pamoja na taa za tyubu. Kwenye Jazzmaster nyingi, swichi ikiwa katikati, pikapu zote mbili zikifanya kazi pamoja, mvumo unazimana. Mimi beti zote napigia hapo. Na ukiwa jukwaani, geuka taratibu kwa mguu mmoja huku gitaa likivuma. Kuna upande ambao mvumo unashuka ghafla. Weka alama ya tepu sakafuni.

Nobu ya sauti ya gitaa ni pedali ambayo umekwisha kuilipia. Huku Big Muff ikiwa imewashwa, ishushe gitaa hadi saba. Mkwaruzo unapungua, noti zinaanza kuonekana moja moja. Kidole changu kidogo kinaishi juu ya nobu hiyo.

Hapa pwani chumvi inakula nyuzi. Mimi hufuta kila uzi, juu na chini, kwa kitambaa kikavu kila nimalizapo, na ndani ya begi natupia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Bila hivyo nyuzi mpya hushika kutu ndani ya wiki mbili.

Kulifanya liimbe

Sasa washa yote. Ampu ikiwa kubwa kiasi cha kushindana na dramu, fazi imekanyagwa, simama hatua mbili mbele ya spika ukiipa mgongo. Piga noti moja kwenye uzi wa tatu, freti ya 9, kwa kidole cha pete, na usiitikise. Ugeukie ampu polepole. Mahali fulani kwenye mzunguko huo utasikia noti imeacha kufifia. Inakaa. Kisha, kama una subira, inabadilika: noti ileile inapanda oktava juu, nyembamba, tamu, bila wewe kufanya kitu. Hewa ya spika inautikisa uzi, uzi unailisha ampu, ampu inailisha spika. Utausikia mtetemo kwenye mbao za gitaa, hapa ubavuni. Sogea nusu hatua mbele, noti inarudi chini. Sasa unalipiga gitaa kwa miguu.

Tafuta nafasi hizo kwenye chumba cha mazoezi na uzitafute upya kila ukumbi, kabla watu hawajaingia, maana kila chumba kina noti zake. Ukitaka linyamaze, laza kiganja chote juu ya nyuzi kwanza, ndipo ushushe nobu. Ukianza na nobu, linapiga mluzi njiani.

Hapo ndipo masikio yanapohitaji ulinzi. Kwa desibeli 85 sikio linastahimili saa nane kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100, ambayo mpiga dramu wetu anaifikia bila kutoka jasho, umebaki na dakika 15. Nilikaa na mluzi sikioni siku tatu baada ya mazoezi fulani, nikawa nalala redio ikiwa imewashwa ili nisiusikie. Tangu hapo sote watatu tunavaa vizibo, na mgeni anayekuja mazoezini anapewa vyake mlangoni.

Mfuko wangu siku ya onyesho una hivi: waya mbili za mita tano kila moja, maana waya mrefu hula trebo, waya wa tatu wa akiba, seti ya nyuzi na uzi wa kwanza wa ziada, fyuzi mbili za ampu za kiwango kilekile kilichoandikwa mgongoni, betri mbili za volti 9, tepu, bisibisi ya nyota, tochi ndogo, na picha ya nobu zote kwenye simu, niliyopiga siku ambayo mtu wa mlangoni aliinua kidole gumba.